Kitambaa cha Mkwe

Fundi mmoja wa Hedaru alikuwa na kompyuta mbili juu ya meza moja. Jina lake Mbonea. Kazi yake ilikuwa kuokoa sauti. Watu walimletea kanda za zamani zenye mikwaruzo, za harusi, za kwaya, za mahubiri ya watu waliokwisha kulala, naye akaziingiza kwenye kompyuta, ikatenga sauti ya mtu na kelele, kama unavyopepeta mchele ukaacha pumba.

Kompyuta ya kwanza ilikuwa ya siku nyingi. Ndani yake kile kidude kinachofikiri, wenyewe wanakiita prosesa, kilikuwa na viini vinne, yaani ni kama kinamama wanne wanaotwanga kinu kimoja. Ya pili ilikuwa mpya, na prosesa yake ilikuwa na viini kumi na viwili. Kumi na viwili, jamani, ndani ya kitu kisichozidi biskuti! Nilipoelezwa kwamba kila kimoja kinahesabu mabilioni kabla sijafumba jicho na kulifumbua, nilishika mdomo. Sikusoma, lakini kutetemeka mbele ya jambo kubwa hakuhitaji shule.

Siku ya kwanza Mbonea alizipima. Alikata kipande kimoja cha wimbo, akazipa zote mbili. Ya zamani ilimaliza kwa dakika hamsini. Mpya ilimaliza kwa kumi na tano. Mbonea akasimama akiitazama kama mtu anayetazama mlima mawingu yakifunguka. Mkewe akatangaza kwa ukoo mzima, habari zikamfikia mama mzazi wa mke huyo, Bibi Nakiete, mfumaji. Bibi akafuma wiki tatu. Akaja na kitambaa cheupe chenye maua mekundu pembeni, kipana, kinachofika mezani pande zote, akaivisha ile mpya kwa mikono yake. "Msiiache uchi hivi," alisema, "wageni wanaingia."

Ile ya zamani hakuna aliyeivisha. Ilibaki na vumbi lake.

Ndipo mteja mmoja, Nasemba, alipoleta kanda. Baba yake, Mzee Eliamani, alikuwa amebakiwa na sikio moja, na hilo nalo lilikuwa linakwenda. Daktari alisema ni siku tu, si wiki. Ndani ya kanda ile, nyuma ya mikwaruzo, mkewe marehemu alikuwa anaimba na kwaya. Mzee alitaka kumsikia mara moja kabla dunia yake haijanyamaza. Mbonea alipiga hesabu: kanda nzima, kwa ile ya zamani, siku tatu. Kwa mpya, kutwa moja. Akaipa mpya.

Kesho yake mchana kazi haijafika hata theluthi. Mbonea alikata tena kipande kile kile alichopimia siku ya kwanza, akaipa ya zamani: dakika hamsini, kama ilivyoahidi. Basi akaamini ameuziwa jina tupu. Viini kumi na viwili vinashindwa na vinne! Siku ya tatu asubuhi, Nasemba akiwa amekaa pale na macho mekundu, Mbonea, akiona haitafika mwisho, alinyoosha mkono aizime, aanze upya kwa ile ya zamani, na mpya airudishe dukani. Siku tatu nyingine. Nasemba alishika sikio lake mwenyewe.

Bibi Nakiete alikuwa mlangoni, amekuja kusalimia, akasikia.

"Mashine rudisha, baba, ni yako," alisema. "Ila kitambaa changu nipe. Hakiendi dukani kwa watu."

Mbonea hakukigusa. Tangu kilipowekwa pale alikuwa hajakigusa; mtu anavuaje alichovisha mkwe? Kwa hiyo Bibi alikivuta mwenyewe. Joto likampiga usoni kama aliyefunua sufuria ya wali. Kumbe juu na ubavuni mashine ina matundu, na kwa matundu hayo inavuta pumzi, na maua mekundu yalikuwa yameyaziba yote.

Sasa sikilizeni jambo hili, maana mimi likinijia bado hunitoa jasho. Prosesa ile ilipoona moto unazidi, haikuzima wala haikuiacha kazi. Ilipunguza mwendo yenyewe ili isiungue, ikaendelea kuhesabu gizani, chini ya kitambaa, polepole, siku mbili, huku inaitwa mvivu.

Wote watatu waliinamia kioo cha kompyuta. Feni ya ndani ya mashine iliyokuwa ikilia ikashusha sauti. Namba zilizokuwa zikitambaa kwenye kioo zikaanza kutembea, kisha zikakimbia. Bibi Nakiete alikikunja kitambaa chake mara nne, akakikumbatia kifuani. Kabla ya chai ya saa kumi, kazi ilikuwa imekwisha.

Nasemba alikimbia na ile sauti kwenye simu mpaka nyumbani, akaiweka kwenye sikio lililobaki la baba yake. Kwaya ilivuta pumzi. Sauti moja ya mwanamke ikatangulia, peke yake, nusu ya neno mbele ya wenzake. Mzee Eliamani akacheka huku machozi yanamshuka.

"Kaingia mapema," alisema. "Ndiye."

Ile ya zamani nayo hamjanisikia nikiisema vibaya. Ilikuwa na vinne, ikatoa vinne, na hakuna aliyewahi kuipigia makofi. Lakini ninyi mliokaa hapa, mnaporudi nyumbani, angalieni vizuri: ni nani mliyemfunika kwa heshima mpaka akakosa pumzi, kisha mnauliza kwa nini hakimbii?