Darasa Lililoezuliwa

Jiwe ugeuzalo ni paa la mwenzio. Mmenisikia nikimwambia Shani hivyo, maana kaenda kuchungulia vifaranga vya jirani akaliacha banda wazi, na sasa mnaniuliza neno hili limetoka wapi. Haya, kaeni vizuri. Na wewe Shani usininunie. Methali hii ilianza hivi.

Katika mji wetu palikuwa na mwalimu akiitwa Raya binti Vuai. Mwanamke yule, Mungu amrehemu, alikuwa na moyo! Siku moja aliwaambia watoto wa darasa la nne wachore pweza. Wakamletea pweza wa miguu minne, na mwengine kamtia na masikio. Watoto wa pwani hao, wanaosikia mawimbi wakiwa vitandani! Mwalimu Raya alicheka, lakini moyoni aliona uchungu. Akasema somo la bahari halikai ubaoni. Bamvua ikija, maji yakipwa mpaka mbali, watashuka wote mwambani.

Wakashuka. Wee! Kila jiwe walilogeuza lilikuwa na wenyewe: vikaa, majongoo ya bahari, viti vya pweza vyenye ncha tano, mayai yaliyonata kama shanga. "Mwalimu, njoo uone!" Naye akikimbia huku na huku, kanga imelowa mpaka magotini, akiwaambia kila kiumbe jina lake na chakula chake. Alirudi nyumbani hoi, amejaa furaha. Nyuma hakuangalia.

Kesho yake Bi Kazija akaja skuli. Huyo ndiye aliyekuwa mkubwa wa wanawake wanaochokoa pweza, na mwambani hakushuka mtu bila ya ridhaa yake. Shikamoo ya mwalimu aliiitikia kwa kichwa tu.

"Watoto wako wamepindua mawe yote wakayaacha chali," alisema. "Mayai yamekaukia juani, vikaa vimekufa. Wasinikanyagie mwamba tena."

Mwalimu Raya alitamani ardhi ipasuke immeze. Alijua kosa ni lake, hakuwafundisha. Lakini kilichomuuma zaidi ni kwamba watoto wale sasa watabaki na pweza wao wa masikio maisha yao yote.

"Nisamehe, Bi Kazija. Nipe mpaka bamvua ijayo, ushuke nao wewe mwenyewe. Ukiona jiwe moja liko chali, sitakuomba tena."

"Jiwe moja," alijibu Bi Kazija, akaondoka.

Sasa watoto utawaambiaje wakasikia? Kuwafokea ni kumpigia mbuzi gitaa. Mwalimu Raya akamwendea Fundi Mcha, ambaye siku zile alikuja kuezeka upya mapaa ya makuti ya skuli, wakanong'onezana.

Asubuhi, somo limekolea, darasa la nne likasikia makuti yanang'olewa juu. Paa likafunuka, na Fundi Mcha akaingiza kichwa.

"Ehee, kumbe wamo! Huyu mfupi. Huyu ana pengo. Tazama yule, anatafuna ubuyu darasani!"

Watoto wakavunjika mbavu. Fundi akateremka, akabeba ngazi yake, akaenda zake.

Kicheko hakikudumu. Jua lilipanda likawaingilia utosini, madawati yakawa hayashikiki. Mwalimu Raya alisimama nao pale pale juani, jasho linamtiririka, akaendelea kusomesha kama kwamba hapana kitu.

"Mwalimu, tunaungua!" alilia Pandu, aliyekuwa mkubwa wao. "Mbona fundi hakurudisha paa letu?"

"Alirudishe la nini? Alitaka kuwaona tu, na ameshawaona."

Kisha msichana mmoja, jina lake Time, akainua uso, machozi yanamlengalenga. "Mwalimu, yale mawe..." Hakumaliza. Haikuhitajika amalize. Mwalimu Raya akawatoa wote, akawapeleka kivulini akawapa maji ya kunywa.

Bamvua ikarudi, wakashuka tena. Kila mtoto aliinua jiwe kwa mikono miwili, akatazama, akalirudisha kwa ubavu ule ule. Bi Kazija aliwafuata nyuma na mchokoo wake, ule mti wa ncha kali wa kuchomea pweza, akitafuta kosa, asilione. Mara Pandu akainua jiwe moja, na chini yake akaonekana pweza jike, mkubwa, kitoweo cha nyumba nzima, amekumbatia mayai yake. Mkono wa Bi Kazija, uliozoea kazi ile tangu usichana, ukauinua mchokoo.

"Bibi," alisema Time kwa adabu, "jiwe ugeuzalo ni paa la mwenzio."

Lahaula! Mtoto kumkanya Bi Kazija! Mwalimu Raya alifumba macho. Alijua mwamba umeshakwenda.

Bi Kazija alimtazama mtoto, akamtazama pweza na mayai yake. Kisha akaulaza mchokoo, akainama na kiuno chake kibovu, akamwambia Pandu asogee, akalirudisha lile jiwe kwa mikono yake mwenyewe.

"Mwalimu," alisema akijipangusa mchanga, "hawa walete kila bamvua. Na mimi niandike darasa la nne."

Basi, neno la Time likapanda mjini, likafika majikoni na barazani, mpaka likanifikia mimi. Umesikia, Shani? Vifaranga vya jirani bado vinatangatanga uani, na mwewe hana subira. Inuka. Jiwe ugeuzalo ni paa la mwenzio.