Kwa Nini Bushuti Huwasha Shingo

Ninyi mnaojikuna shingo na kuilaumu bushuti, tulieni kidogo. Zamani, huko milimani ambako umande huganda, nguo ya sufu ilikuwa laini, wala haikuwa na jina lake. Wafumaji waliichana sufu mara saba mpaka mwiba wa mwisho utoke. Kila mwaka kabla ya baridi, mjumbe wa mtemi alipita nyumba kwa nyumba. Aliiweka nguo shavuni, akafumba macho, na ikimpendeza aliondoka nayo. Zote zilimpendeza, maana watu wale waliionea fahari kazi yao kupita kiasi.

Fundi kuliko wote alikuwa mjane aitwaye Bushuti. Mumewe alikufa kwa baridi machungani, na nguo aliyomfumia ilikuwa mabegani mwa mtemi. Alibaki na mavyaa wake, Mbonea, aliyekuwa akikohoa tangu masika. Bila nguo, bibi yule asingeimaliza baridi nyingine.

Mwaka huo Bushuti alikaa mbele ya sufu, kitana mkononi, akachoka. Mikono ilishazoea kuchoka. Safari hii ulichoka moyo. Akakiweka kitana chini, akasokota sufu pamoja na miiba na majani yake.

“Mwanangu, unaiharibu kazi,” Mbonea alimwambia. “Watu watakucheka.”

“Wacha wacheke, mama. Wewe utakuwa umejifunika.”

Mjumbe alipofika, aliiweka nguo ile shavuni, akaruka kama aliyeumwa na siafu. “Kama hii ndiyo nguo ya Bushuti, abaki nayo!” akafoka, akaitupa mlangoni.

Majirani walicheka kweli, mpaka baridi iliposhuka. Wao walitetemeka na kuzika watu wao. Mbonea alijikuna, akalala, akaamka mzima. Mwaka uliofuata kila nyumba ilifuma “ya Bushuti”, na mjumbe akarudi kwa mtemi mikono mitupu, shavu limemchubuka.

Bushuti mwenyewe hakushangilia. Alizipenda nguo laini, na mikono yake haikuzifuma tena mpaka alipozikwa.

Na tangu siku hiyo nguo nzito ya sufu huitwa bushuti, nayo huwasha. Basi ikikuwasha, jikune ulale. Ile isiyowasha ilishachukuliwa.