Hapo Tu

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wahenga waliona kwamba macho hayana mizani: mzigo ulio mgongoni mwa mwingine huonekana mwepesi kama mfuko wa usufi, ile pamba laini tunayojazia mito. Bi Pindo aliyajua hayo magotini kabla hajayajua kichwani.

Alikuwa fundi cherehani, mjane wa makamo, aliyerudi kazini juzi baada ya kuugua goti kwa miezi mitatu. Asubuhi hiyo mafundi wanne walitakiwa kuvuka mji kwa baiskeli, wakashone mapazia na mito ya wodi mpya ya hospitali. Stoo ya vitambaa ya huko ingefungwa saa nne. Kiongozi wao aliitwa Bwana Futi, kwa kuwa futi ya kupimia haikumtoka shingoni, naye alikuwa amemwambia waziwazi: "Dada, atakayeshindwa kwenda sambamba na wenzake atabaki nyumbani kushona vifungo."

Basi Bi Pindo akanyamaza kama maji mtungini. Keria ya baiskeli yake ndiyo iliyokuwa imara, hivyo akafungiwa kichwa cha cherehani, chuma kitupu, ndani ya kisanduku cha mbao. Bwana Futi alibeba gunia la usufi lililokuwa kubwa kuliko yeye. Wapita njia walimwonea huruma yeye.

"Pole baba, umebeba dunia!"

"Ndiyo maisha," aliitikia, akaendelea kupiga mluzi.

Barabara kuu walikuta imechimbwa kwa ajili ya mabomba. "Tupite huku," akasema Bwana Futi. "Hapo tu." Hiyo hapo tu ikawa kilima cha mawe matupu. Juu ya kilima akakumbuka kwamba shemeji yake anakaa mtaa wa pili, na si vizuri kupita bila kumjulia hali. Hapo tu. Shemeji hakuwepo. Wakageuza, wakaingia kichochoro kirefu kilichoishia kwenye ukuta.

"Hii hapo tu yako, mzee, ina watoto na wajukuu," alisema Sindano, fundi mwembamba ambaye mdomo wake haukuwa na breki.

Fundi wa nne, mkataji nguo, ambaye kwa kawaida husema maneno matatu kwa siku, alicheka mpaka akakohoa. Bi Pindo hakucheka. Goti liliwaka kama kaa la moto. Aliomba kimoyomoyo, sala fupi kama pumzi: Mungu wangu, nifikishe. Hakuomba mzigo upungue. Alikuwa amechoka hata kuomba makubwa.

Njia iliyobaki ilikuwa kilima kingine. Alipofika chini yake, miguu ilikataa. Akashuka.

"Twende, dada! Saa tatu na nusu hii! Kisanduku hicho nacho ni cha kukuliza?" alihimiza Bwana Futi.

Siku zote angejibu, "Nakuja." Safari hii alisema, "Kaka, siwezi. Ukitaka kuniacha, niache, lakini cherehani haitajipeleka. Au tubadilishane."

"Tubadilishane tu, mzee," Sindano akachochea. "Si kisanduku?"

Bwana Futi akacheka, akamwachia Bi Pindo baiskeli yenye gunia, akapanda ya kwake. Hakumaliza hatua kumi. Gurudumu la mbele liliinuka kama punda mkaidi, ikambidi ashuke asukume. Katikati ya kilima futi ilikuwa imelowa jasho, na mluzi umekatika. Kileleni alijiegemeza ukutani, kisha akalitazama goti la Bi Pindo lililovimba.

"Dada, umebeba hiki tangu asubuhi?"

"Tangu asubuhi, kaka."

"Na hukusema."

"Ungeniambia ni hapo tu."

Bwana Futi alikaza kamba ya kisanduku. Alimwuliza mwuza magazeti njia iliyonyooka, akaishika, akiukokota mwenyewe ule mzigo. Walifika mtunza stoo akiwa ameshashika kufuli.

"Mmechelewa! Nani amewachelewesha?"

Sindano na mkataji nguo walitazama chini. Bi Pindo alifumba macho, akisubiri kutajwa jina.

"Mimi," alisema Bwana Futi. "Nimewazungusha watu bure. Na huyu dada ndiye fundi wangu wa cherehani, leo na kesho. Tafadhali mpe kiti kwanza, ndipo tupimiane vitambaa."

Bi Pindo aliketi, akanyoosha mguu, akashukuru. Kwa hakika, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, mpaka siku utakapoubeba wewe.