Kwa Nini Hodi Haiitikiwi Mtaa wa Kimya

Paukwa.
Pakawa.
Palikuwa na nini?
Palikuwa na nyika.
Na sasa pana nini?
Pana mtaa.
Na chini ya mtaa?

Mmenyamaza. Vizuri, nyamazeni hivyo hivyo. Na wewe unayechokoa pua, toa kidole usikie.

Zamani nyika ile ilikuwa vichaka vya miiba na majani makavu ya kuwasha ngozi. Haikumfaa yeyote ila upepo. Wanyama walikaa bondeni, mtoni. Mto ukafura, ukabeba nyumba, vyungu na watoto. Waliosalia wakapanda nyikani wamelowa, wakaanza kufyeka. Chwa, chwa, chwa. Ndivyo mtaa ulivyoanza, kwa kukosa pengine pa kwenda.

Kumbe nyika ina mwenyewe.

Digidigi alitangulia kumaliza kuezeka. Magharibi ile ile mlango ukalia. Ngo, ngo, ngo.

"Hodi."

Digidigi akaitikia, "Karibu."

Akaingia Chui, mpole kama jivu juu ya kaa la moto. Akauliza kama nyumba imezindikwa. Bado, akaambiwa. Chui akasema nyumba isiyo na dawa ya kuilinda huwamaliza wenyewe, basi yeye mwenye nyika ataizindika. Akamchukua kitinda mimba wa Digidigi, akaenda zake. Asubuhi kizingitini palikuwa na ukwato mmoja mdogo. Zindiko ndilo hilo.

Kanga akaezeka. Ngo, ngo, ngo. Hodi. Karibu. Imezindikwa? Bado. Asubuhi, unyoya.

Nguchiro akaezeka. Ngo, ngo, ngo. Hodi. Karibu. Imezindikwa? Bado. Asubuhi, mkia.

Mtauliza kwa nini waliitikia. Waliitikia kwa sababu walifunzwa na mama zao kwamba hodi haiachwi ikaning'inia. Na Chui naye alishika mila, hakuingia pasipo karibu.

Kalunguyeye, mwenye miiba mgongoni, alijenga mwisho wa mtaa. Watoto wake wengine walichukuliwa na mto, akabaki na Kijimwiba peke yake, ambaye miiba yake bado ilikuwa laini kama nywele. Kalunguyeye akaacha tundu kwenye paa. Kila siku anaezeka upande mwingine, tundu haligusi, maana nyumba isiyokwisha haizindikwi.

Siku moja akasikia pumzi nyuma ya ukuta.

"Bi Kalunguyeye, paa lako linachelewa."

"Nyasi zimekuwa haba, Bwana Chui."

"Nitakuletea mimi."

Na kweli akaleta. Akatua mzigo mlangoni, pu, akaketi kungoja.

Kalunguyeye akamwambia, "Mkubwa kama wewe unazindika kibanda kimoja kimoja, kama mganga mwenye njaa? Kule mtoni mtaa ulizindikwa mara moja. Mwenye nchi aliingia shimoni kinyumenyume, akafumba macho, kila nyumba ikamtupia mtoto mdogo aliyesalia."

"Wote?"

"Kwa mkupuo."

Chui akameza mate, glu. "Na nikifumbua macho?"

"Zindiko linaharibika. Unarudia mmoja mmoja."

Shimo likachimbwa katikati ya mtaa. Kalunguyeye akapita nyumba kwa nyumba akinong'ona kila mmoja alete udongo, tena kwa makapu. Kanga akauliza itakuwaje Chui akifumbua macho.

"Atatuona sote," akajibu Kalunguyeye. "Lete udongo."

Chui akaingia kinyumenyume. Pu.

"Wa nani huyo?"

"Wa Digidigi, Bwana."

"Mzito."

"Amenenepa."

Pu. "Wa nani huyo?" Wa Kanga. Pu. "Wa nani huyo?" Wa Nguchiro. Pu, pu, pu. Udongo ukafika kifuani, ukafika shingoni.

"Na wako, Bi Kalunguyeye? Mbona simsikii?"

Kalunguyeye alikuwa amembana Kijimwiba kifuani. Chui akafumbua jicho moja.

"Huu ni udongo."

"Ndiyo, Bwana," akasema Kalunguyeye. "Na huu pia."

Pu.

Wakapakanyaga, dri, dri, dri. Hakuna aliyetaka kujenga juu yake. Kalunguyeye akahama kule mwisho, akajenga hapo, maana kiwanja kilikuwa kikubwa. Paa akaliziba lote, akasonga ugali, akakaa na mwanawe kula.

Chini ya sakafu: ngo, ngo, ngo.

"Hodi."

Kijimwiba, mtoto aliyefunzwa, akafungua kinywa. Mama yake akakijaza tonge. Wakala kimya mpaka sufuria ikaisha.

Tangu hapo mtaa ukaitwa Mtaa wa Kimya. Piga hodi mpaka koo likauke, watakusikiliza tu. Wapitao husema watu wa kule hawana adabu.

Ngano yangu nimeifukia, atakayeifukua asije kunililia. Na funzo lake ni hili: mtoto mwenye adabu huitikia kila hodi anayoisikia.

Haya. Nani huyo anagonga? Nenda wewe, mwenye kidole cha pua, kaitikie.