Tundu la Eldadi

"Wivu hulinda mlango wake, husuda huchungulia wa jirani."

Bibi Ketura aliyasema maneno hayo Ijumaa moja, mikate ya Sabato ikiwa bado tanurini, na wajukuu zake wawili wakataka kujua. Wivu na husuda si kitu kimoja? Na nani aliyeyasema kwanza? Bibi akawaambia wakae, mikate ilikuwa bado. Chanzo cha methali hii, akasema, ni ukuta wa nyumba moja ya hapa hapa kijijini, na mambo yalikwenda hivi.

Wayahudi wa miteremko hii ya Mlima Elgon walipokuwa bado jamaa thelathini tu, na sinagogi lao la matofali ya udongo, msomaji wao alikuwa mtu aitwaye Eldadi. Kila Sabato asubuhi yeye ndiye aliyesimama mbele ya gombo la Sheria akasoma Kiebrania kwa kuimba, kama ilivyo desturi. Alijifundisha mwenyewe, polepole, kwa kitabu kilichopungua kurasa. Sauti yake haikuwa ya kusifiwa, lakini hapakuwa na nyingine, na kwa miaka kumi na tisa watu waliichukua kuwa ndiyo sauti ya Sabato.

Kisha akarudi Azaria. Huyu alikuwa mzaliwa wa kijiji, aliyekwenda kusoma mbali akarejea na mke na elimu. Akajenga nyuma ya nyumba ya Eldadi, kijia tu kikiwa katikati. Sabato ya kwanza wazee wakampa kifungu kimoja asome. Alipoanza, kina mama waliokuwa wakibembeleza watoto waliacha, maana watoto walinyamaza wenyewe. Sabato iliyofuata akapewa vifungu viwili. Kahawa ilipoanza kuiva, Azaria alikuwa akisoma sehemu yote, na Eldadi amesimama kando, akifuatisha mistari kwa macho.

Eldadi hakulalamika kwa mtu. Ila nyumbani mkewe, Naume, alimwona hali chakula vizuri, akamuuliza ana nini.

"Nina wivu, Mama Tirza," akasema, bila kuinamisha kichwa. "Na wivu si dhambi. Mungu mwenyewe anaitwa mwenye wivu, kwa sababu hulinda kilicho chake. Kusoma kulikuwa kwangu."

Naume alilitafakari jibu hilo. Hakulipinga, lakini halikumkaa moyoni.

Sasa, wazee wa Kiyahudi tangu kale walikataza mtu kutoboa dirisha linaloelekea moja kwa moja kwenye mlango wa jirani. Walisema jicho nalo huweza kudhuru, kama mkono. Ndiyo sababu Azaria alipojenga aliuelekeza mlango wake kwenye ukuta wa nyuma wa Eldadi, usio na dirisha. Asubuhi moja alisimama hapo akimsikiliza Azaria akijizoeza kusoma mlangoni pake. Sauti ilipenya, maneno yakawa hayasikiki vizuri. Eldadi akachukua patasi, akachokoa udongo wa kati ya matofali, mpaka tofali moja likatoka. Akaweka jicho.

Alijiambia kwamba anajifunza, na mwanzoni ilikuwa kweli. Katika juma la kwanza aligundua maneno mawili aliyokuwa akiyakosea kwa miaka kumi na tisa, akayasahihisha, akafurahi. Lakini jicho likishapata nafasi haliishii pale lilipotumwa. Akaanza kuona mambo mengine: jinsi mke wa Azaria anavyocheka, siku wanazokula nyama, mabati yao yanavyong'aa. Akaanza kungoja Azaria akosee. Siku alipomsikia amekosea neno moja, Eldadi alishinda shambani akipiga mluzi.

Ikatokea mke wa Azaria akaenda kwa mama yake kujifungua, Azaria akabaki peke yake. Alhamisi asubuhi sauti haikusikika. Eldadi akachungulia, akamwona jirani yake ameketi kizingitini, shavu limevimba, mkono shingoni. Alijaribu kunywa maji, maji yakarudi. Eldadi alishtuka, na mguu wake mmoja ulikuwa umeshageukia mlangoni aende, ndipo wazo likamjia: Sabato nitasoma mimi. Mguu ukarudi. Akalirudisha tofali mahali pake.

Ijumaa akatazama tena. Azaria alikuwa amelala kwenye mkeka karibu na mlango. Bila shaka kuna mtu anayemwangalia, Eldadi alijiambia, akaenda kujizoeza sehemu ya kesho yake. Aliisoma vizuri kuliko wakati wowote.

Sabato asubuhi Naume alimletea shali yake ya sala, akamkuta amebandika uso ukutani. Hakuuliza anafanya nini. Alimgusa bega asogee, akainama, akatazama.

"Tangu lini?" akauliza.

"Ni wiki sita sasa. Nilitaka tu kusikia maneno..."

"Siulizi tundu, Baba Tirza. Azaria amelala vile tangu lini?"

"Alhamisi," Eldadi akasema.

Naume alikuwa ameshatoka. Walimkuta Azaria anaungua kwa homa, kinywa hakifunguki, na kila pumzi inavutwa kwa mlio. Eldadi akakimbia mpaka sinagogi, ambako watu walikuwa wamekaa wakimngoja msomaji. Aliwaambia kuna mtu anakufa. Hakuna aliyeuliza kama inafaa kubeba mzigo siku ya Sabato. Kila mmoja alijua kuwa uhai huitangulia Sabato. Waling'oa mlango wa Azaria, wakamlaza juu yake, wakateremka naye mwendo wa saa moja hadi kwenye zahanati. Eldadi alishika pembe ya mbele na hakukubali kupokewa. Mganga akasema ni jipu la koo. Akalipasua, akawaambia wangengoja hadi jioni, njia ya pumzi ingekuwa imeziba.

Waliporudi nyumbani, Naume ndiye aliyeanza.

"Ulisema ni wivu."

"Ndivyo nilivyodhani."

"Wivu naujua, kwa sababu ninao mimi. Wiki sita nimekuwa na mume anayenipa mgongo kila asubuhi. Chai namwekea, inapoa. Nilitaka urudi mezani, basi. Sikumwombea mwanamke mwingine akose mumewe. Ungerudi tu, wivu wangu ungekwisha. Wako ungekwisha lini? Azaria angekufa, ungepata sauti yake?"

"Kiebrania kina neno moja kwa wivu na husuda," Eldadi akasema. "Nilijificha humo."

"Sisi tuna maneno mawili, na sasa najua kwa nini tunayahitaji. Mwenye wivu hulinda mlango wake. Wewe ulikuwa unachungulia wa jirani."

Eldadi alikuwa akifikiri juu ya neno lake mwenyewe, kwamba kusoma kulikuwa kwake. Gombo lilikuwa la jamaa zote thelathini. Yeye alikuwa amelishikilia tu kwa sababu hapakuwa na mwingine.

Siku ya tatu alishuka zahanati akamweleza Azaria kila kitu: tofali, Alhamisi, Ijumaa. Azaria alikuwa hawezi kusema. Alimtazama sana, kisha akaomba karatasi, akaandika: Uliona nini kingine?

Lilikuwa swali ambalo Eldadi hakulitarajia. Akataja kicheko cha mke, nyama, mabati. Akataja yale maneno mawili aliyoyasahihisha. Azaria akageuza karatasi, akaandika upande wa pili: Ungepitia mlangoni, ningekufundisha yote.

Eldadi aliisoma mara mbili. Wanasema hapo ndipo alipolia.

Sabato iliyofuata aliwaambia watu wote. Baadhi ya wazee walitaka asiliguse gombo mwaka mzima, naye akakubali. Basi mwaka huo sinagogi halikuwa na msomaji mzuri hata mmoja, maana sauti ya Azaria ilichukua miezi mingi kurudi, na iliporudi ilikuwa nzito, haikunyamazisha tena watoto. Hasara hiyo haikufutika, na Eldadi aliibeba hadi alipokufa. Lakini tundu alilikandika kesho yake, yeye na Naume, na kila asubuhi alivuka kijia, akabisha hodi, akakaa kwenye mkeka wa Azaria na kitabu chake. Mwaka ulipokwisha walisoma kwa zamu, na kila mmoja alimsahihisha mwenziwe bila kinyongo. Naume alikuwa akiwapelekea chai huko huko, ikiwa moto.

Bibi Ketura akainuka kuitazama mikate.

"Kwa hiyo wivu wenyewe si mbaya?" akauliza mjukuu mdogo.

"Nao ukizidi, mlinzi huwafungia watu wake ndani," Bibi akasema. "Lakini wivu unajua unachokitaka, na ukikipata hutulia. Husuda haitaki kitu. Inataka mwenzako akose."

Mjukuu mkubwa alifikiri kidogo, kisha akayasema mwenyewe, taratibu, kama mtu anayepima neno moja moja: "Wivu hulinda mlango wake, husuda huchungulia wa jirani."