Safu ya Mwisho ya Mfarishi

Asiyefumua hajashona. Mmeyasikia maneno hayo leo kwa mdogo wangu Mkawasi, mkataka kujua yametoka wapi. Methali hii ilianzia nyumbani kwetu, milimani Taita, wiki niliyoolewa mimi.

Kwetu kuna baridi kali, na nyanya yetu Wakesho alikuwa fundi wa mifarishi, yale matandiko mazito yanayoshonwa kwa kuunga vipande vya nguo. Kila binti wa nyumba yetu aliolewa na mfarishi wake. Zamu yangu ilipofika, nyanya alikuwa amekwisha kupofuka. Akamwita Mkawasi, msichana wa miaka kumi na mitatu, akamwambia, "Nipe macho yako, nami nitakupa mikono yangu."

Miezi minane walikaa bega kwa bega mlangoni. Mkawasi anashona, nyanya anapapasa. Mshono ukienda kombo, kidole cha nyanya kinasimama hapo hapo, naye hasemi neno. Mkawasi anafumua. Kuna siku alifumua mara nne safu moja, akalia.

Siku tatu kabla ya harusi, mfarishi ulitandazwa kitandani: kaki ya baba, vitenge vya mama, sare zetu za shule. Nyanya alikuwa na homa, kwa hiyo safu ya mwisho hakuipapasa. Shangazi zetu wakapiga vigelegele. Mkawasi aliinama pembeni, akapitisha vidole kwenye safu ile. Kisha akachukua wembe, akaanza kukata nyuzi.

"Mkawasi! Una wazimu?" mama akamaka.

"Hapa nilishona kwa haraka, mama. Nyuzi zimeruka."

"Nani ataona? Wakwe wanakuja Jumamosi!"

"Hakuna atakayeona. Lakini ukifuliwa mara mbili utaachia, na dada atakuwa ugenini."

Mama akanyoosha mkono amnyang'anye wembe. Sauti ya nyanya ikatoka chumba cha pili, dhaifu lakini kali.

"Mwacheni! Leo sikumpapasia mimi, amejipapasia mwenyewe. Asiyefumua hajashona."

Mama akaketi. Shangazi walipotaka kusaidia, Mkawasi alikataa. Alishona peke yake siku mbili nzima, na Jumamosi asubuhi, mimi nikiwa nimeshavaa gauni, akafunga fundo la mwisho.

Nyanya aliletwa akishikwa mkono. Akaipapasa safu ile kutoka pembe hadi pembe, wakwe wakitazama. Kidole hakikusimama mahali popote. Akautafuta mkono wa Mkawasi, akauinua juu.

"Wazee," akasema, "mmezoea kuniita mimi fundi. Fundi wa nyumba hii ni huyu."

Nililia pale pale, na si kwa kuwa naondoka. Mfarishi huo nimeufua miaka thelathini na minane. Vipande vingine vimepauka, vingine nimevibadilisha, lakini safu ile haijaachia hata uzi mmoja. Na kila aliyeniuliza nani kaishona, nilimtaja mdogo wangu, kisha nikamwambia: asiyefumua hajashona.