Kwa Nini Kigogota Hubisha Hodi Mtini

Zamani hizo, wajukuu zangu, ndege kigogota alikuwa fundi mkimya. Alitoboa mti kwa kukwaruza pole pole, hata aliyeketi chini asijue kama juu kuna kazi. Warina asali nao wakiona tundu mtini, walipeleka moshi bila kuuliza.

Katika misitu ya Unyamwezi aliishi mrina asali aitwaye Lugembe. Mkewe, Nkwimba, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, na kwao mtoto hakupewa jina mpaka baba amguse midomo kwa asali ya msituni. Mwaka ule nyuki walikuwa wamehama. Mtoto akakaa bila jina, na Lugembe akaona haya hata kurudi nyumbani.

Siku moja akaona tundu la duara kwenye mninga mkavu. Nyuki hakumwona hata mmoja. Alimwona ndege akiingia na mabuu mdomoni, kisha akitoka na kitu cheupe, laini, akaenda kukitupa mbali. Lugembe akachanganyikiwa. Ndege gani huyu anayeingiza mabuu na kutoa masega? Na mbona anayatupa? Alitazama mpaka shingo ikamuuma, asielewe, mwishowe akaamini alichotaka kuamini.

Akapanda na mwenge. Mle ndani vikakohoa vifaranga. Kumbe kile cheupe kilikuwa kinyesi cha watoto! Msicheke, nanyi mngefikiri nini? Baba yao akajitosa kwenye moshi kuwatoa, kaa la moto likamwangukia utosini. Lugembe akaduwaa, hajui azime mwenge au ashuke nao. Akauzima, moshi ukatawanyika, vifaranga wakapona.

"Ungebisha hodi," ndege akamwambia.

"Hodi kwenye mti?" Lugembe akauliza, na kweli hakuelewa. "Nawe ungenijulishaje kuwa unaishi humu?"

Kisha Lugembe akagonga shina kwa mpini wa shoka, taratibu, kama anayejaribu tu. Ndege naye akagonga kwa mdomo.

Lugembe alirudi nyumbani mikono mitupu, akamsimulia mkewe yote. Nkwimba akamtazama mwanawe, akawafikiria wale vifaranga.

"Mpe jina leo," akasema. "Asali itamkuta."

Tangu siku hiyo kigogota ana wekundu utosini, naye hugonga mti, akanyamaza, akagonga tena. Mrina asali naye hugonga kwanza, akatega sikio. Akijibiwa, huondoka zake, hata kama nyumbani kuna mtoto asiye na jina.